Seva yetu ya kuigiza inataka kuongeza Kitibeti, tunaanzia wapi jamani?

mlinzi_wa_lango (Ntinda)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada, na tafadhali msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Tuna kaseva ketu kadogo ka RP, yaani kuigiza hadithi kwa kuandikiana, wengi wetu tuko Kampala na Jinja, kuna wa Arua, na wawili watatu wako Nairobi. Tunaandika Kiswahili, Luganda inaingia pale mtu akikasirika, Kiingereza pale mtu akitaka kujionyesha. Hadithi kubwa ilianzia Katwe, kule kwenye ziwa la chumvi, msafara wa wabeba chumvi, na kwa vile hakuna wa kutuzuia msafara ukapotea njia ukatokea Tibeti. Msicheke nimesema. Kuna mwandishi wetu aligundua kwamba watu wa Changtang, zile nyanda za juu kabisa, nao zamani walikuwa wanachota chumvi kwenye maziwa yao, wanapakia kondoo na yaki, wanateremka nayo mpaka Nepal kubadilishana na nafaka. Mchota chumvi kakutana na mchota chumvi mwenzake. Ikatunogea, tukabaki huko, sasa huu mwezi wa nne.

Shida ni kwamba wenyeji wa huko kwenye hadithi wote wanaongea kama wamezaliwa Kisenyi. Nikasema mimi kama admini niwape lugha yao. Wiki iliyopita nikaandika tukio, kijana mwanafunzi anaingia kwa mkuu wa monasteri kumwambia chakula kiko tayari aje ale, nikapitisha aya yote kwenye mashine ya kutafsiri, nikabandika na zile herufi zao nzuri. Nilijiona mjanja kweli. Usiku ule ule nusu ya watu wakalalamika wanaona visanduku vitupu tu. Boti yetu ya kugawa pointi, ile inayohesabu maneno uliyoandika, ikasoma aya nzima ikajibu: neno 1, pointi 1. Alafu kuna mchezaji mpya, hatukujua hata katokea wapi, akaandika kwa upole sana kwamba yeye ni Mtibeti amekulia India, na kwamba huyu kijana wangu anamwita mkuu wa watawa kula kama mtu anayeita mbuzi.

Nikazima simu nikalala.

Sasa nauliza, tuweke chaneli ya Kitibeti au tuache? Tutumie herufi zao au tuandike kwa abc? Na hii ya mbuzi inatibiwaje? Yule mchezaji bado yupo, hajakasirika, ila sitaki kumgeuza mwalimu wa bure kila siku.

---

BomboMnubi

Kabla hatujafika mbali. Mimi niliomba chaneli ya KINUBI mwaka jana mwezi wa nane, skrinishoti ninayo, ukanijibu "watu hawatoshi". Kinubi kinaongewa hapa Bombo, kutoka hapo kwako Ntinda ni saa moja tu kama jam haijakushika Kawempe. Tibeti ni stage ya wapi? Ndo haya haya ya Kiswahili chenyewe, katiba ya Uganda imekitaja lugha rasmi ya pili tangu 2005 alafu baraza la mawaziri likaja kukikumbuka 2022. Cha jirani kinangoja, cha mbali kinaandaliwa kiti.

Sina ubaya na Watibeti. Nasema tu.

---

mlinzi_wa_lango (Ntinda)

Mzee wangu ulikuwa peke yako. Chaneli ya mtu mmoja inaitwa daftari.

---

aliyerudi_Mysore

Ssebo mlinzi, umenikumbusha mbali. Mimi nilisoma Mysuru kule Karnataka miaka mitatu, na kutoka pale unapanda basi kama saa mbili unafika Bylakuppe. Pale ni Watibeti. Walipotoka kwao 1959 na Dalai Lama, India ikawapa ardhi sehemu mbali mbali na hapo ni moja ya sehemu kubwa, wapo tangu mwanzo wa miaka ya 60. Unashuka kwenye basi umeacha India ya sari na masala unaona watawa wamevaa nguo za rangi ya damu ya mzee wananunua airtime.

Kulikuwa na mama anauza momo, zile za kuchemshwa kwa mvuke, ukitaka kuzielewa chukua sambusa uivue mafuta. Siku moja nikataka kumfurahisha, nilikuwa nimejifunza kwenye simu, nikamwambia tashi delek, ile salamu yao, alafu nikamuuliza jina lake kwa neno *ming*. Mama akacheka mpaka akashika meza. Mwanae ndo akanifundisha: *ming* ni jina lako wewe mwenyewe. Jina la mtu unayemheshimu ni *tsen*. Ukiuliza unauliza tsen, ukijibu unajibu ming, hata kama mnaongelea kitu kile kile.

Na haiishii hapo, ni mwili mzima. Kichwa chako ni *go*, cha mkubwa ni *u*. Mkono wako *lakpa*, wake *chak*. Mdomo wako *kha*, wake *shel*. Sasa angalia sentensi yako ya chakula. Chakula cha kawaida ni *khalak*, chakula cha mkubwa ni *shelak*, kula kwa kawaida ni *sa*, kula kwa mkubwa ni *chö*. Nabet mashine ilikupa khalak na sa. Yaani kijana kaingia kwa mzee mwenye mvi kamwambia "msosi huo, kula". Ndo hiyo mbuzi yako.

Na sisi tusijifanye hatulijui hili. Nenda Mengo kwenye ikulu ya Buganda useme Kabaka, yaani mfalme, amekufa uone utakavyotazamwa. Kabaka hafi, moto wa Buganda unazimika. Kwa hiyo Muganda yeyote kwenye seva yako analielewa hili kuliko Mzungu, mwambie tu kwamba kule ile lugha ya ikulu imeshuka mpaka kwa muuza momo, inatumika kwa mwalimu, kwa mgeni, kwa mama wa jirani.

Jingine dogo lakini litawasaidia sana: ukimwita mtu unabandika *-la* mwisho wa jina. Pasang-la, Dawa-la. Ni kama ssebo na nnyabo, bwana na bibi za Luganda, imegandishwa kwenye jina. Kwa heshima ya haraka haraka hiyo inatosha kuwatoa kwenye mbuzi.

Na majina! Acheni kubuni yale majina ya sijui Joka la Theluji. Watibeti wengi wanaitwa siku waliyozaliwa. Nyima ni Jumapili, Dawa Jumatatu, Mikmar Jumanne, Lhakpa Jumatano, Phurbu Alhamisi, Pasang Ijumaa, Penpa Jumamosi. Jina moja mwanamke anaitwa na mwanaume anaitwa. Si ndo akina Juma na Khamisi wetu hawa? Mimi nilikaa na Pasang mwaka mzima hosteli moja ndo nikaja kugundua nakaa na Juma.

Ila kitu ambacho mimi ningekifanya cha kwanza kwenye seva, kabla ya herufi kabla ya fonti kabla ya kila kitu, ni hiki. Kitibeti cha Lhasa hakikuachii useme jambo bila kuonyesha umelijuaje. Kiswahili tunasema "ameenda" basi, anayesikia ajijue. Wao mkia wa kitenzi unabadilika. *Chin song*: ameenda, na mimi nilimwona kwa macho yangu akienda. *Chin pa re*: ameenda, najua hivyo, lakini sikuwepo. *Chin sha*: ameenda, maana nimekuta mkeka mtupu na chai bado ina moshi. Sisi tuna "eti" na "nasikia", lakini hizo unaweka ukipenda. Kule ukifungua mdomo umeshachagua.

Fikiria hiyo kwenye RP. Mhusika wako anasimama mbele ya wazee anasema fulani kaiba, na mkia wa kitenzi chake mwenyewe unamsuta kwamba hakuwepo. Hii mnaweza kuanza nayo hata kesho asubuhi, mnaandika Kiswahili kama kawaida, ila mhusika wa Kitibeti akieleza jambo lililopita lazima aweke *song* au *pa re* au *sha*. Mkifanya hiyo tu mmeongeza Kitibeti kuliko mngebandika ukurasa mzima wa herufi ambazo hakuna anayezisoma.

Ah na ile om mani padme hum kila mtu anayoitia kwenye mdomo wa watawa, hiyo ni Kisanskriti. Wanaisoma ndiyo, kila siku, lakini kuiita Kitibeti ni kama kuita "amina" Kiganda.

---

dada_wa_fonti

Msimlaumu boti bure. Kitibeti hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Kuna kidoto kidogo kinakaa juu upande wa kulia baada ya kila silabi, kinaitwa tsheg, hiki hapa ་ na mwisho wa sentensi kuna mstari wima, shad, huu །. Kwa hiyo ile salamu ya tashi delek inaandikwa

བཀྲ་ཤིས་བདེ་ལེགས།

silabi nne, doto tatu, nafasi sifuri. Boti anayehesabu nafasi anaona kamba moja ndefu, na kweli kwake hilo ni neno 1. Mwambie aliyeiandika ahesabu tsheg badala ya nafasi alafu agawe kwa mbili, maana maneno mengi sana ya Kitibeti ni silabi mbili. Siyo hesabu safi lakini pointi siyo mshahara. Na kama mna boti wa kuchuja matusi nayo haitashika kitu, kwa sababu ile ile.

Visanduku: simu haina fonti ya hizo herufi. Herufi zenyewe ziko kwenye Unicode, ile orodha ya herufi za lugha zote kwenye kompyuta, tangu 1996 kwa hiyo ulichobandika kilifika salama, kilichokosekana ni nguo ya kuivalisha. Kuna fonti ya bure Noto Serif Tibetan, kwenye kompyuta unaweka dakika mbili imeisha. Lakini kwenye programu ya kuchati huwezi kumvalisha mwenzio fonti kwenye simu yake, ile ya laki mbili aliyonunua pale Kisekka miaka sita iliyopita itabaki na visanduku vyake. Kwa hiyo usiweke kitu cha lazima kwa herufi za Kitibeti peke yake, mtu asikose mlango wa chaneli kwa sababu ya simu.

Pia usiziweke kwenye majina ya watumiaji. Herufi zao zinapandana, moja juu ya nyingine kama masinia, na chini kabisa bado inaning'inia irabu ya u. Sehemu za majina zina kimo kifupi, zinakata kichwa na miguu. Na saizi ya kawaida ya Kiswahili kwao ni mchwa, iongeze.

Kuandika kwa abc kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku. Kuna Wylie, mtindo wa 1959 wa Turrell Wylie, unaandika kila herufi iliyopo hata kama haitamkwi. Tashi delek inakuwa *bkra shis bde legs*. Nane inakuwa *brgyad* na mtu anatamka kitu kama "gye", hizo nyingine zinakaa kimya kama mashahidi mahakamani. Zilikuwa zinatamkwa zamani, spelling yao ni ya karne nyingi nyuma, midomo ndo ilihama. Wylie ni nzuri kwa kamusi na kwa kubadilisha kurudi kwenye herufi zenyewe bila kupoteza kitu. Lakini usimpe mchezaji Wylie asome kwa sauti, atavunjika taya. Kwake andika matamshi, tashi delek, basi.

Mimi ningefanya hivi, mstari wa herufi zao kama pambo la heshima, chini yake matamshi, chini yake Kiswahili. Wylie ibaki kwenye faili la maneno mliyobandika juu ya chaneli. Kusoma zenyewe siyo mlima kama mnavyodhani, konsonanti 30 na alama 4 za irabu, na zinaenda kushoto kwenda kulia kama zetu. Kinachoua ni kupandana.

---

Kasese_juu

Mimi si mtu wa lugha, nimekuja kwa sababu ya Katwe 😂

Ila nimesoma tukio la wiki iliyopita, mmewapikia maharage monasteri nzima kwa nusu saa. Lhasa iko kama mita 3,650 juu ya bahari. Maji huko yanachemka kwenye digrii 88 hivi, maharage yatakaa motoni mpaka hadithi iishe. Wanakula *tsampa*, unga wa shayiri iliyokaangwa kwanza, kwa hiyo haupikwi tena, unaukanda na chai mkononi unakula. Na chai yenyewe ina siagi na chumvi. Kabla hamjasema eeew, muulizeni Mnyankole yeyote eshabwe inatengenezwa na nini. Samli na chumvi ya Katwe. Sasa mhusika wetu wa Katwe anapewa chai ya siagi na chumvi kwa mara ya kwanza na mmeandika "alitema". Angetema kwa nini? Angeuliza chumvi hii ya ziwa gani.

---

BomboMnubi

Kasese hiyo ya ziwa gani ni kali bana.

Aliyerudi nakuuliza kitu, hiyo ya song na pa re na sha. Ikiwa mhusika wangu anadanganya? Yaani gunia la chumvi limeibiwa, mimi ndo nimeiba, nikisema "fulani kaondoka nalo" nikaweka *song* ilhali sikumwona?

---

aliyerudi_Mysore

Basi umedanganya mara mbili, kuhusu gunia na kuhusu macho yako. Na wakija kugundua ulikuwa umelala, wamekukamata kwa silabi moja. Ndo uzuri wake. Mwizi mwerevu angejificha kwenye *sha*, "naona ameondoka nalo, angalieni nyayo", hapo hajasema kwamba aliona kitu.

---

BomboMnubi

Wallahi nimeingia kwenye hii hadithi. Nataka kuwa mwizi wa gunia.

---

mlinzi_wa_lango (Ntinda)

Nimerudi, umeme ulikuwa umepotea tangu mchana.

Nimefanya haya. Nimemwandikia yule mchezaji pembeni nikaomba radhi kwa ajili ya mbuzi. Akacheka, akasema mashine ilijitahidi. Nikamuuliza kama atapenda tumtumie maneno ayatazame mara moja kwa mwezi tu, siyo kila siku, akakubali, sharti lake ni kwamba asipewe mtawa wa kuigiza. Amechoka, kila seva anayoingia wanampa mtawa. Anataka kuwa dereva wa lori. Tumempa lori.

Alafu akaniambia kitu kilichonichanganya, kwamba watu wake asili yao ni Amdo, na Kiamdo cha nyumbani kwao siyo hiki cha Lhasa, hiki alikifundishwa shuleni huko India. Nikadhani ni kama Luganda ya Masaka na ya Mukono. Akasema hapana, bibi yake na mtu wa Lhasa wakikutana wanasikilizana kwa shida, ila wakiandika wanasomana.

---

aliyerudi_Mysore

Kweli kabisa, nilisahau kuwaonya. Kuna sehemu kubwa tatu, Ü-Tsang ambako ndo Lhasa iko, Kham mashariki, na Amdo kaskazini mashariki. Lhasa wana toni, sauti juu sauti chini inabadilisha neno. Amdo hawana toni, lakini wao bado wanatamka baadhi ya zile herufi ambazo dada kasema ziko kimya. Kwa RP yenu chagueni Lhasa kwa chaneli nzima, kisha dereva wa lori aongee anavyotaka, na wahusika wengine wasimwelewe vizuri. Si ndo maisha? Mimi nikishuka Gulu nakuwa bubu.

---

dada_wa_fonti

Boti vipi?

---

mlinzi_wa_lango (Ntinda)

Boti imepona. Aya ile ya aibu sasa inasoma maneno 41. Nimekataa kujipa pointi lakini.

Na tukio nimeliandika upya. Kijana anaingia, anasimama mlangoni, anasema *shelak*, hasemi khalak. Maneno mengine yote Kiswahili. Mchezaji wetu kaweka imoji moja tu ya mikono iliyokunjwa, nimeichukua kama cheti. Chaneli inafunguliwa Jumamosi jioni, sheria ni ile ya mikia mitatu, na kila mtu achague jina la siku yake ya kuzaliwa kabla hajaingia. Kama huijui siku muulize mama, simu zenu zinaweza kurudi nyuma kwenye kalenda pia.

---

BomboMnubi

Mimi sihitaji kalenda, nyumbani naitwa Khamisi, mama aliweka ushahidi kwenye jina. Kwa hiyo nisajili: Phurbu-la, mbeba chumvi, mtu mwaminifu.

---

aliyerudi_Mysore

Hapana mzee. Hiyo *-la* wanakuwekea wengine. Ukijiwekea mwenyewe ni kama kujitambulisha "mimi ni mheshimiwa".

---

BomboMnubi

Basi Phurbu tupu.

Na chaneli ya Kinubi? Sasa hivi tuko wawili, nimemleta shemeji.